Kuandaa mashindano ya chesi ya vijana Tabora

Kwa watoto 48, tumia mfumo wa Uswisi (kila raundi, wenye pointi sawa au zinazokaribiana hukutanishwa), raundi 6: kila mmoja hucheza hadi mwisho, hata aliyefungwa asubuhi. Mtoano usiutumie kabisa. Mtoto akisafiri kutoka Kigoma kisha atolewe baada ya saa moja, mwakani haji.

Andaa bao 24, saa za chesi 24, na seti mbili au tatu za akiba, kwani kete hupotea, hasa zile ndogo za mstari wa mbele. Nunua betri mpya. Dakika 25 kwa kila mchezaji, na sekunde 10 za nyongeza kwa kila hatua, hufanya mchezo mrefu ukaribie saa moja na nusu. Basi raundi tatu kwa siku zinatosha.

Treni ikichelewa ratiba huvurugika. Wageni wafike siku moja kabla.

Ugomvi mwingi hutokana na kete iliyoguswa: ukiigusa ya kwako kwa nia ya kuisogeza, sogeza hiyo. Waeleze hili kabla ya raundi ya kwanza. Wazazi wakae nje ya ukumbi. Kunong'onezana huanzia kwao. Matokeo yasainiwe na wachezaji wote wawili, kete zikiwa bado mezani.