Somo: mtaji wa poka, meza ya keshi na tonamenti

Wengi ninaowaona wakiinuka mezani mikono mitupu wanazijua karata vizuri. Shida ni kwamba walikaa na pesa yote waliyokuwa nayo.

Hatua ya 1: Tenga mtaji. Kodi, karo na pesa ya chakula hazimo. Mimi nina laini ya pili ya simu, pesa ya poka inakaa huko peke yake. Ikiisha, nimesimama mpaka mwezi ujao.

Hatua ya 2: Hesabu kwa viingilio. Kwenye keshi, yaani meza ambayo chipu ni pesa halisi na unainuka unapotaka, kiingilio kamili (pesa unayokaa nayo mezani) kwa kawaida ni blaindi kubwa 100. Blaindi ni dau la lazima linalowekwa kabla ya kuona karata, moja ndogo na moja kubwa. Meza ya 50/100 (blaindi ndogo 50, kubwa 100) inataka shilingi 10,000. Kwa viingilio 30, uwe na 300,000. Una 60,000? Meza yako ni ya 10/20, hata kama rafiki zako wote wamekaa ile kubwa.

Hatua ya 3: Tonamenti, yaani shindano unalolipia kiingilio na kucheza mpaka chipu zako ziishe au ushinde: viingilio 100. Wengine huona nimezidisha, lakini tazama: wakiingia watu 100, mara nyingi wanaolipwa ni kama 15, na pesa nene wanachukua watatu wa juu. Hata fundi anaweza kulipa mara 30 mfululizo asiambulie kitu. Na humo huwezi kuinuka na chipu zako ukazibadilishe, kama kwenye keshi.

Hatua ya 4: Mtaji ukipungua, shuka meza. Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa 2000, alianza 2006 bila hata senti, kwa tonamenti za bure mtandaoni, akafikisha dola 10,000 mwaka uliofuata. Kwenye keshi hakuweka zaidi ya asilimia 5 ya mtaji, kwenye tonamenti kubwa asilimia 2. Chipu zake mezani zikizidi asilimia 10, blaindi ikimfikia anaondoka. Kanuni hii ya mwisho naipenda kuliko zote: ukishinda sana ndipo unapoweza kupoteza sana kwa mgawo mmoja wa karata.

MASWALI

Nacheza zote mbili. Mtaji mmoja au miwili?
Mmoja unatosha. Ila kila kiingilio kipime kwa kilichobaki leo, usitumie hesabu ya mwezi jana.

Nimeshinda tonamenti, nipande meza?
Hesabu viingilio kwanza. Vikifika 30 vya meza ya juu, panda. Vikirudi 20, teremka bila aibu.

Jana nimeliwa viingilio vinne. Nikope nirudishe?
Hapana, ndugu yangu, nakusihi. Pesa ya mkopo si mtaji. Pumzika wiki nzima, na kama hamu ya kurudisha bado inakusumbua, acha kabisa na umwambie mtu wa nyumbani.