Somo: Jinsi ya kupata CDA, cheti cha mwalimu wa chekechea Marekani

Ukiomba kazi kwenye kituo cha watoto Marekani, mkurugenzi hakawii kuuliza kama una CDA. Kirefu chake ni Child Development Associate, na hutolewa na Council for Professional Recognition. Kwenye Head Start, mpango wa serikali kuu wa kulea na kufundisha watoto wa familia za kipato cha chini, mwalimu msaidizi lazima awe na CDA, au awe ameanza mafunzo yatakayomfikisha huko ndani ya miaka 2, isipokuwa kama ana shahada ya chuo au anaisomea.

Somo hili linahusu ngazi ya watoto wa miaka 3 hadi 5 kituoni. Anayelea wachanga hadi miezi 36, au anayelea watoto nyumbani kwake, ana ngazi yake. Chagua mapema, maana saa ulizofanya na wachanga hazihesabiwi hapa.

Hatua ya 1: Mafunzo, saa 120. Yamegawanywa katika maeneo 8: usalama na afya, makuzi ya mwili na akili, makuzi ya kijamii na kihisia, uhusiano na familia, uendeshaji wa darasa, maadili ya kazi, kuangalia na kurekodi tabia za watoto, na misingi ya makuzi. Kila eneo lazima lipate angalau saa 10. Hapo ndipo watu hukwama: mtu ana saa 130, lakini za kuangalia na kurekodi ni 4 tu. Kabla ya kulipia kozi yoyote, ya mtandaoni au ya chuo, omba mchanganuo wa saa kwa kila eneo. Saa za makongamano na semina za siku moja usizitegemee.

Hatua ya 2: Kazi, saa 480. Ziwe ndani ya miaka 3 kabla ya kuomba. Ukifanya saa 40 kwa wiki ni wiki 12. Ukifanya 20 ni wiki 24. Kujitolea bila malipo kunahesabiwa. Kituo kitataka alama zako za vidole kwa ukaguzi wa jinai kabla hujaanza, basi lishughulikie hilo mapema.

Hatua ya 3: Potifolio, yaani jalada la kazi zako. Hii ndiyo kazi yenyewe. Iandae ndani ya miezi 6 kabla ya kutuma maombi. Ukiiandaa mwaka mmoja kabla, haikubaliki.

Dodoso za familia: mpe kila mzazi wa darasa lako, na zaidi ya nusu zirudi. Toa wiki 2 na bahasha ya kufungia majibu, kisha mkumbushe mzazi ana kwa ana anapomchukua mtoto. Ukimwachia karatasi kwenye begi la mtoto, hairudi.

Cheti cha huduma ya kwanza na CPR ya watoto (kumfufua mtoto ambaye moyo au pumzi imesimama) kiwe hai. Chukua kozi ya kufanya kwa mikono juu ya mwanasesere, si ya kutazama video pekee.

Shughuli 9 za kufundishia: sayansi, lugha, sanaa, misuli midogo, misuli mikubwa, kujitambua, hisia, ushirikiano na hisabati. Kila moja iandikie umri, malengo, vifaa, hatua, na kwa nini inawafaa watoto hao. Kosa kubwa ni kuweka karatasi yenye namba 5 ya kupaka rangi na kuiita hisabati. Afadhali vizibo 20 vya rangi 4, watoto 4 mezani, wapange, wahesabu, walinganishe lundo lipi ni kubwa. Mtoto wa miaka 3 ataishia kupanga rangi. Wa miaka 5 atakuambia lipi limezidi kwa ngapi. Tofauti hiyo iandike.

Maelezo ya umahiri ni 6, kila moja yasizidi maneno 500. Usiandike “napenda usalama wa watoto.” Andika unachofanya: “Kabla hawajatoka nakagua uwanja kama una vioo au skrubu zilizolegea kwenye bembea, kisha nawahesabu mlangoni wakitoka na wakirudi.” Maelezo ya kunakili mtandaoni hujulikana siku ya ziara (Hatua ya 5), kwa sababu mtathmini anayalinganisha na anachokiona darasani.

Pia weka orodha ya vitabu 10 vya watoto, mwongozo wa huduma kwa familia, fomu za ajali na dharura, na muhtasari wa sheria za jimbo lako kuhusu kuripoti ukatili dhidi ya watoto.

Hatua ya 4: Maombi. Yatume mtandaoni na ulipe ada. Kabla ya kutoa mfukoni, uliza kama jimbo lako lina T.E.A.C.H., ufadhili wa masomo kwa walimu wa watoto wadogo. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye kitambulisho. Wenye majina matatu, ambayo hati za uhamiaji huyapanga tofauti, wawe waangalifu: jina likipishana, kituo cha mtihani kinakurudisha nyumbani.

Hatua ya 5: Ziara na mtihani, vyote ndani ya miezi 6. Mtathmini, aitwaye PD Specialist, asiwe ndugu yako wala bosi wako. Anasoma potifolio takriban saa 1, anakuangalia ukifundisha saa 2, kisha mnazungumza saa 1. Siku hiyo wawepo watoto wasiopungua 8, kwa hiyo usipange ziara wiki ya likizo. Mtihani una maswali 65 ya kuchagua kwa saa 1 na dakika 45, kwenye vituo vya kampuni ya mitihani ya Pearson VUE.

Maswali ya wanachama

*Nilifundisha chekechea Kigoma miaka mingi, nimeacha miaka 5 iliyopita. Saa hizo zinahesabiwa?*
Hapana, zimetoka nje ya miaka 3. Uzoefu huo utakubeba kwenye maelezo ya umahiri na siku ya ziara, lakini saa 480 zianze upya.

*Vyeti vyangu vya sekondari vilipotea kambini Nyarugusu. Nifanyeje, ndugu zangu?*
CDA inataka cheti cha sekondari au GED, mtihani wa Marekani unaosimama badala yake. Fanya GED, mitihani 4: hesabu, lugha, sayansi, na maarifa ya jamii. Ulizia madarasa ya watu wazima kwenye chuo cha jamii kilicho karibu. Mengi ni ya bure.

*Naruhusiwa kutumia Kiswahili darasani?*
Ndiyo, na kinakusaidia. Nyimbo na vitabu vya lugha ya nyumbani vinaonyesha unaheshimu familia. Kwenye mwongozo wa huduma unatakiwa kuweka shirika la tafsiri: tafuta linalotoa Kiswahili, uandike na simu yake.

*Nikipata CDA, naweza kufundisha chekechea ya shule ya serikali?*
Mara nyingi utaanza kama msaidizi. Leseni ya ualimu hutolewa na jimbo, na majimbo mengi yanataka shahada. Baadhi ya vyuo hukuhesabia CDA kama sehemu ya masomo ya shahada (credits). Ulizia kabla ya kujiandikisha.

*Inaisha lini?*
Baada ya miaka 3. Kuihuisha unahitaji saa 45 za mafunzo mapya, saa 80 za kazi na watoto katika mwaka wa mwisho, CPR hai, uanachama wa chama cha walimu wa watoto wadogo, na barua ya mapendekezo. Tuma maombi kabla haijaisha.