Somo: Utitiri mwekundu kwenye nyanya, unapiga dawa na hawafi

Kila kiangazi huku kwetu Mwanza, kuanzia Igombe hadi Magu, kilio ni kimoja: nimepiga mara tatu, majani bado yanageuka rangi ya shaba.

1. Mjue unayempiga. Utitiri ana miguu minane, ni ndugu wa kupe na buibui, ndiyo maana dawa nyingi za wadudu hazimtishi. Kung'uta jani juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vikitembea, ndio wenyewe. Ukishaona utando, umechelewa.

2. Soma kiambato (sumu yenyewe inayoua), achana na jina kubwa la kwenye chupa. Saipamethrini na lambda-saihalothrini huua wadudu rafiki wanaokula utitiri, kisha utitiri wanarudi wengi kuliko mwanzo. Hapo ndipo hela yetu inapoishia (yangu pia iliishia hapo). Abamektini ni afadhali kwa sababu hupenya ndani ya jani, ila mayai mengi huyaacha. Salfa nayo husaidia, lakini jua kali likiikuta huunguza majani, matango hasa.

3. Piga chini ya jani. Wanaishi huko. Geuza nozeli itazame juu, asubuhi na mapema au jioni, upepo wa ziwa ukiwa umetulia. Anayepita mbio akilowesha juu tu anaosha vumbi.

4. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kibandiko kikiruhusu, ili uwakute walioanguliwa. Kwenye joto, yai huwa utitiri mzima ndani ya wiki moja hadi mbili. Raundi zinazofuata badili kundi la dawa, yaani chukua inayoua kwa njia tofauti; jina jipya lenye kiambato kilekile si mabadiliko.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nimezidisha kipimo mara mbili, bado wapo.*
Punguza, ndugu yangu. Wanaobaki ni sugu, na watakaozaliwa watakuwa sugu vilevile. Kagua kwanza kama chini ya majani palilowa.

*Bomba naoshea ziwani, kuna shida?*
Kubwa. Abamektini ni sumu kali kwa samaki. Oshea shambani, mbali na maji.

*Nimepiga jana, mteja wa Kirumba anazitaka kesho.*
Mwambie asubiri. Siku za kungoja kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko.

*Maji ya sabuni je, kaka?*
Yanamuua aliyelowa tu, kwa hiyo ni kazi ya kurudiarudia. Kwa bustani ya nyuma ya nyumba, mimi ningeanza nayo. Kwa ekari nzima, utachoka wewe kabla yao.