Kufyatua tofali za intaloki: kuanzia shimo la udongo mpaka ukuta usimame

Watu wengi wakinipigia simu swali la kwanza ni "fundi, mashine shilingi ngapi?" na mimi huwa najibu kwa swali, udongo wako ukoje? Hapo wengi wanakaa kimya. Mashine ni chuma na mpini tu, babu yake iliitwa CINVA-Ram, ilibuniwa kule Bogotá, Kolombia miaka ya 1950, na mpaka leo kazi ni ileile, unajaza udongo unafunga mfuniko unabonyeza basi. Tofali mbovu nyingi nilizoziona ziliharibikia shimoni au kwenye kumwagilia, ndo mana nitakaa sana kwenye hayo mawili na mengine nitapita haraka haraka.

Kwa asiyezijua: ni tofali za udongo na simenti kidogo, zinashindiliwa na zina meno ya kufungamana, hazichomwi. Tanuru la tofali za kuchoma likiwaka usiku na mchana hizo kuni zimetoka mlimani kwa mtu, hapa hakuna tanuru, alafu mota karibu yote unaiokoa kwa sababu tofali inakaa juu ya mwenzake kavu kavu. NHBRA, wakala wa serikali wa nyumba bora, wamezihamasisha Tanzania miaka mingi tu.

Hatua ya 1: Udongo

Toa tabaka la juu lote, sm 30 hivi au mpaka mizizi iishe, ule udongo mweusi wenye majani yaliyooza ni wa mchicha sio wa tofali. Chini yake unatafuta udongo mwekundu au moramu laini wenye mchanga mchanga. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaonata kwenye buti wakati wa masika na kupasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi, achana nao kabisa, unavimba na kunywea na simenti ya kawaida haiuwezi.

Chukua chupa ya uwazi, jaza udongo theluthi, maji mpaka karibu na shingo, chumvi kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke, iache mpaka kesho yake. Mchanga unakaa chini, mfinyanzi unakaa juu kabisa. Ukikuta mchanga ndo mwingi na mfinyanzi upo kiasi uko pazuri. Kama mfinyanzi umejaa, utaongeza mchanga, na kama ni mchanga mtupu kama wa huku Pwani, tafuta udongo wa mfinyanzi uchanganye, bila hivyo tofali itamomonyoka kona ukiitoa tu kwenye mashine.

Hatua ya 2: Kisanduku

Hii ndo watu wanairuka na ndo inayokwambia simenti kiasi gani. Tengeneza kisanduku cha mbao, ndani kiwe urefu sm 60, upana sm 4, kina sm 4. Paka oili chafu ndani, jaza udongo uliolowa, gandamiza vizuri kona zote, sawazisha juu, weka juani siku tatu mpaka tano. Ukikauka utakuwa umenywea na kupasuka. Usukume wote upande mmoja alafu pima pengo lililobaki kwa rula.

Pengo chini ya mm 15, simenti 1 kwa udongo 18. Kati ya 15 na 30, 1 kwa 16. Kati ya 30 na 45, 1 kwa 14. Kati ya 45 na 60, 1 kwa 12. Likizidi hapo usiongeze simenti, ongeza mchanga kwenye udongo urudie kipimo upya. Mtu akikwambia "sisi huku tunaweka moja kwa ishirini udongo wowote" mwulize nyumba zake zina umri gani.

Hatua ya 3: Kuchanganya

Chekecha udongo kwa wavu wa tundu ndogo, mm 5 hivi, mabonge ponda au tupa. Tuseme kipimo kimekupa 1 kwa 16: ndoo ndogo moja ya lita 10 ya simenti kwa ndoo 8 kubwa za lita 20 za udongo. Changanya kavu kwanza mpaka rangi iwe moja, geuza kwa chepe mara tatu nne, ndo uanze maji, na maji nyunyiza kwa keni, usimwage na ndoo. Maji ya chumvi hapana.

Kujua maji yametosha, finyanga donge kwenye kiganja, liachie kutoka usawa wa bega lianguke chini pagumu. Likivunjika vipande vinne vitano, safi. Likisambaa kama unga, kavu. Likijibandika chini kama ugali, umezidisha.

Na toka maji yagusane na simenti una kama dakika 45, ndo mana sisi tunachanganya kidogo kidogo, tofali 25 hivi kwa mchanganyo. Mchanganyiko uliolala toka kabla ya chai usiurudishie maji ukadhani umefufuka.

Hatua ya 4: Kufyatua

Hapa pafupi. Paka mashine mafuta, tumia kopo moja lilelile la kupimia ili tofali zote zishindiliwe sawa, jaza kona kwa vidole, funga, vuta mpini. Mashine yangu inatoa tofali ya sm 30 kwa 15, kimo sm 10. Tofali ibebe kwa viganja viwili, usiishike kona. Watu wanne watano walioelewana wanatoa 300 mpaka 400 kwa siku.

Hatua ya 5: Maji, maji, maji

Kuna kazi niliifanya Mvomero, tofali kama 900, udongo mzuri, kipimo sahihi, nikamwachia mwenye nyumba amwagilie mimi nikaenda kazi nyingine. Nimerudi baada ya wiki mbili nimezikuta juani zimekauka nyeupeee, ukiikwangua kwa msumari inatoka unga. Yeye alidhani tofali inatakiwa ikauke! Na kosa lilikuwa langu, sikumweleza, nikalipa simenti mfukoni mwangu.

Simenti haikomai kwa kukauka, inakomaa kwa kunywa maji. Kwahiyo: panga kivulini au chini ya turubai, siku hiyohiyo funika na nailoni, kesho yake anza kumwagilia asubuhi na jioni siku 7 bila kukosa hata Jumapili, usipange zaidi ya tano kwenda juu zikiwa mbichi. Baada ya hapo ziache kivulini mpaka zifike siku 28. Siku hiyo chukua moja zamisha kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi ikwangue kwa kisu, ikilainika kama sabuni hizo zilizobaki zisiende ukutani.

Hatua ya 6: Kujenga

Msingi ni wa mawe au zege kama nyumba yoyote, inuka juu ya ardhi, weka nailoni ya kuzuia unyevu. Kozi ya kwanza tu, yaani mstari wa chini kabisa wa tofali, ndo unalaza kwenye mota, na hiyo inyooshe kwa pima maji (levo) hapo hapo, mana ikipinda mm 5 chini, juu kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, utalia. Baada ya hapo unapanga kavu, unagonga na nyundo ya mpira, kona unachomeka nondo kwenye matundu ya tofali na kumimina rojo la simenti. Mita moja ya mraba inakula tofali 33, ukuta wa mita 4 kwa 2.7 ni kama 360, kwa kipimo cha 1 kwa 16 ni mifuko minne ya simenti na kidogo. Paa litoke nje sm 60 mvua isipige ukuta, bafuni piga plasta.

Na fundi umeme aje mapema, bomba zake zipite kwenye matundu ya tofali wakati mnapanda. Akija na tindo lake ukuta ukiwa umeshasimama, mnyang'anye.