Chora mstari wa miaka kabla ya kutaja nadharia

Mwanafunzi wa mazoezi akija ofisini kwangu kujifunza ripoti ya probesheni, ile ya kuieleza mahakama maisha ya mkosaji, jambo la kwanza huandika "Merton", mwanasosholojia aliyeeleza chanzo cha uhalifu. Mimi humnyang'anya kalamu. Chora mstari, weka miaka: mkosaji kaacha shule lini, kakamatwa lini, nani aliondoka nyumbani.

Kijana mmoja wa Mombasa niliyemwandikia ripoti ya probesheni alipora simu akiwa juu ya bodaboda. Umaskini, sivyo? Ndivyo angesema Merton, 1938: jamii yakuhimiza ufanikiwe huku njia halali imekubania. Lakini kaka zake wawili walilala njaa ile ile na hawajaiba hata embe. Merton kakwama hapo, usimlazimishe.

Rudi kwenye mstari. Mamake aliniambia, "Mwanangu, huyu aliharibika ami yake alipohamia bara." Ami ndiye aliyekuwa akimwamsha kwenda shule na kumngoja usiku. Hapo aingia mwanasosholojia mwingine, Hirschi, 1969: mafungamano na watu yakilegea, kizuizi hakipo. Muda si mrefu yuko maskani, wakubwa wamfundisha kunyakua simu gari likipunguza mwendo kwenye tuta, na la kusema moyoni: "Tajiri atanunua nyingine." Sutherland, naye mwananadharia wa uhalifu, alishasema, ufundi wa uhalifu hufunzwa na visingizio pia.

Sasa andika kwa mfuatano huo, kila nadharia na tarehe ya tukio lake na shahidi wake. Isiyo na shahidi, futa. Kijana aliacha shule lini? Mama alikumbuka tu kwamba ilikuwa baada ya Ramadhani. Rejesta ya shule ndiyo iliyonipa siku yenyewe, Jumatatu.