Mlio wa masikio umepanda ghafla baada ya kishindo? Fanya hivi siku za mwanzo

Kama tayari ulikuwa na mlio masikioni, ule wa nyiiiii au wa kuvuma ambao ulishauzoea kabisa, alafu kikatokea kishindo karibu na wewe, fataki imelipuka, tairi imepasuka, spika imepiga yowe, king'ora kimelia umesimama pembeni yake, na sasa mlio umekuwa mkubwa kuliko mwanzo au umekuja mwingine mpya juu ya ule wa zamani, basi hii nimekuandikia wewe. Mimi naishi na huu mlio miaka mingi na umeshanipanda hivi zaidi ya mara moja, ule usiku wa kwanza naujua vizuri, umelala macho yako juu unajiuliza ndo itakuwa hivi maisha yote? Nianze na hilo hilo: mara nyingi unashuka. Haushuki kwa saa moja, mara nyingine ni siku kadhaa, wengine wiki kadhaa, lakini kwa wengi unashuka. Ila kuna vitu vya kufanya mapema, na kuna vitu watu wanafanya kwa kuogopa ambavyo vinachelewesha kila kitu.

Elewa kwanza kimetokea nini huko ndani. Kwenye sikio la ndani kuna seli zenye vinywele vidogo sana, karibu elfu 15 kwa kila sikio, hizo ndo zinageuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara inayoenda kwenye ubongo. Kishindo kinazichosha, kikiwa kikali sana kinaziua, na za binadamu zikishakufa haziotagi tena. Zilizochoka tu zinarudi, ndo mana mtu anatoka kwenye muziki mkubwa anasikia kama masikio yameziba alafu kesho yake au keshokutwa yako sawa. Sasa sikio likipunguza ishara, ubongo haukai kimya, unaongeza nguvu ili usikie kile kidogo kinachokuja, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio iliyofifia, anapandisha volyumu mpaka mwisho na anachopata ni mikwaruzo. Hiyo mikwaruzo ndo mlio wako. Na ubongo ukiwa na hofu unapandisha zaidi, kwa sababu umeshaambiwa kuna hatari hapa, sikiliza! Kwa hiyo una kazi mbili kwa pamoja, kulipumzisha sikio na kuutuliza ubongo, na ukifanya moja ukaacha nyingine utateseka bure.

Lakini kabla ya yote pima usikivu wako, leo, usingoje. Chukua simu, piga kwa mtu yeyote, msikilize kwa sikio la kulia kisha la kushoto bila kugusa volyumu. Alafu sugua vidole viwili karibu na sikio moja, kisha jingine. Unatafuta kitu kimoja tu, je sikio moja limeshuka waziwazi, au sauti za watu zimekuwa za mbali, zimekauka, kama wanaongea na ukuta katikati? Kama ndio, hiyo sio ya kuvumilia nyumbani, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo hiyo au kesho yake. Kupoteza usikivu ghafla kunatibiwa kama dharura, daktari anaweza kukupa stiroidi, yaani dawa kali za kupunguza uvimbe ndani ya mwili, na hizo zinafaa zaidi zikianza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ndani ya hizo wiki mbili siku za mwanzo ndo bora zaidi. Baada ya kishindo cha baruti au mlipuko pia kuna madaktari wanazitoa. Hazimfai kila mtu, mwenye kisukari kwa mfano zinampandisha sukari, kwa hiyo ni ya kujadiliana na daktari na sio ya kununua mwenyewe duka la dawa. Kinachoniumiza mimi ni watu wanaambiwa "ni nta tu hiyo, subiri", wanasubiri mwezi, wanakuja kupimwa muda mzuri wa dawa umeshapita. Kama sikio limeshuka, sema neno hilo waziwazi ukifika: usikivu umeshuka ghafla, tarehe fulani, baada ya kishindo. Omba kipimo cha usikivu, ile ya kukaa kwenye chumba kimya ukibonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Madhara ya kelele mara nyingi yanaonekana kama shimo kwenye grafu karibu na hezi 4000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti, zikiwa nyingi sauti ni nyembamba).

Vingine vya kukimbilia daktari bila kujadili: kizunguzungu cha dunia kuzunguka, damu au maji kutoka sikioni, uso kulegea upande mmoja, mlio unaodunda sawasawa na mapigo ya moyo, au mlio wa upande mmoja tu ambao hukuwahi kuwa nao. Na kama sikio linatoa maji au linauma sana usitie matone wala mafuta wala maji, ngoma ya sikio inaweza kuwa imetoboka. Na usichokonoe na kijiti cha pamba, hakuna unachoenda kukitoa kule.

Kama kipimo kimetoka kizuri na mlio bado upo juu, usione umedanganywa. Kipimo cha kawaida kinaishia hezi 8000 na kinapima sauti ndogo kabisa unayoweza kuisikia, hakipimi kila kitu. Mlio wako ni wa kweli, na kipimo kizuri ni habari njema.

Sasa mapumziko. Wiki ya kwanza na ya pili kaa mbali na kelele kubwa, weka hedfoni pembeni kabisa, usiende kwenye sherehe kwa sababu umeahidi, watakuelewa na wasipokuelewa shauri yao. Lakini, na hapa ndo wengi wanakosea, kupumzisha sikio sio kukaa kwenye ukimya. Mtu anajifungia chumbani, anaziba masikio na vizibo mchana kutwa hata anapoosha vyombo, anazima kila kitu. Ubongo unakosa cha kusikiliza, unaongeza volyumu, mlio unapanda, na baada ya siku chache hata kijiko kugonga sahani kinakuwa kama risasi. Vizibo ni vya sehemu zenye kelele. Nyumbani, sokoni, kwenye mazungumzo ya kawaida, toa.

Unachotaka ni sauti ndogo laini inayoendelea muda wote nyuma ya maisha yako. Feni, mvua ya kurekodi, maji yanayotiririka, redio inayoongea chini chini kwenye kona ya chumba. Usiku ndo muhimu zaidi, mana usiku ndo mlio unakuwa peke yake na wewe. Fanya hivi: weka simu kama hatua moja au mbili kutoka kitandani, sio chini ya mto na sio masikioni, fungua sauti ya mvua, anza na volyumu sifuri. Pandisha taratibu. Kuna mahali utafika ambapo unasikia mvua na unausikia mlio vyote viwili, vimeanza kuchanganyika, mlio umepoteza ile ncha yake kali. Hapo simama. Usiendelee kupandisha mpaka mlio umezama kabisa, ingawa utatamani sana, kwa sababu ubongo hauwezi kuzoea kitu usichousikilizisha, na pia unaongezea kelele sikio ambalo limetoka kuumizwa. Acha iendelee mpaka asubuhi, ukishtuka usiku wa manane usikute ukimya. Jaribu sauti tofauti, wenye mlio mwembamba wa juu mara nyingi mvua au maji yanawafaa kuliko feni, mana feni inavuma chini.

Jingine gumu kuliko yote: acha kuukagua. Naijua hiyo tabia, unaingia bafuni, unafunga mlango, unazuia pumzi, unasikiliza, je umeshuka? alafu unaziba sikio moja, unaachia, unaziba la pili, unalinganisha. Unafungua apu ya kupima ni hezi ngapi. Kila ukikagua unauambia ubongo kwamba hii sauti ni muhimu sana iendelee kuletwa mbele, na siku inaharibika hata kama mlio wenyewe ulikuwa umeanza kushuka. Sikwambii usahau kwa nguvu, haiwezekani, ukijikuta unasikiliza sema tu sawa nimeusikia, na urudi kwenye ulichokuwa unafanya, na iwe ni kitu cha mikono, kupika, kufagia, kushona, kurekebisha kitu. Kama unataka kumbukumbu ya kumpelekea daktari, andika mara moja kwa wiki, usingizi ulikuwaje na mlio ulikusumbua kiasi gani, basi. Na kusoma usiku wa manane habari za watu ambao hali zao zilikuwa mbaya kabisa, acha hiyo, waliopona hawapo huko wanaandika, wameshaendelea na maisha.

Mwili nao unachangia. Uma meno kwa nguvu sasa hivi sekunde tatu uone, kuna watu mlio unabadilika palepale, kwa sababu mishipa ya fahamu ya taya na shingo inakutana na ya kusikia kwenye shina la ubongo. Baada ya kishindo mtu anatembea mabega yamepanda juu na taya limekazwa siku nzima bila kujijua. Kwa hiyo legeza taya, meno yasigusane, ulimi utulie juu nyuma ya meno ya mbele, shusha mabega, kitambaa cha moto shingoni kabla ya kulala. Pumua polepole, kutoa pumzi kuwe kurefu kuliko kuvuta. Kahawa wala usiikate ghafla ukidhani ndo dawa, kuikata ghafla kunaleta kichwa kuuma na usingizi mbovu, ipunguze tu jioni.

Dawa angalia vizuri. Aspirini kwa dozi kubwa, kwinini, sindano za jentamaisini (antibayotiki), furosemaidi (dawa ya kukojosha maji mwilini), na baadhi ya dawa za saratani kama sisiplatini zinaweza kuleta au kupandisha mlio. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu yangu mimi, muulize aliyekuandikia, mwambie mlio umepanda. Na vidonge vinavyouzwa kwamba vinaondoa mlio, hela yako ibaki mfukoni. Chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kwenye mwongozo wao wa mwaka 2014 kilishauri kabisa madaktari wasipendekeze ginkgo biloba (dawa ya majani ya mti), melatonini (homoni ya usingizi), zinki wala virutubisho vingine kwa ajili ya mlio sugu. Walichopendekeza ni tiba ya mazungumzo, ile ya kubadilisha namna unavyoupokea na kuufikiria huo mlio, na kujaribu vifaa vya kusaidia kusikia kwa wale ambao usikivu wao umepungua. Tiba ya mazungumzo haifuti sauti, inafuta yale mateso, na ukweli mateso ndo yanayotumaliza. Usiidharau.

Na mwambie mtu mmoja nyumbani. Mlio hauonekani, mwenzako anakuona umenuna anadhani una ugomvi naye. Mwambie masikio yangu yameumia, niko na wasiwasi, nahitaji wiki mbili za utulivu. Kama mawazo yameanza kwenda kwenye kujidhuru au kuona bora usiwepo, hapo usisubiri kesho, mwambie mtu sasa hivi na mwende hospitali, hiyo ni dharura kama dharura nyingine na inatibika.

Mlio ukianza kushuka, kwa kawaida haushuki moja kwa moja, leo afadhali kesho umepanda tena keshokutwa afadhali zaidi. Siku mbaya katikati sio kwamba umerudi mwanzo. Rudisha maisha polepole, kwanza mazungumzo ya watu wengi, kisha mgahawa, hedfoni mwisho kabisa na volyumu ya chini.

Kwa mbeleni, tembea na vizibo vya sponji mfukoni muda wote. Pamba na tishu hazizuii kitu cha maana. Na namna ya kuvaa ndo kila kitu: osha mikono, kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo, peleka mkono wa pili juu ya kichwa ulivute sikio juu na nyuma ili tundu linyooke, kiingize haraka, kishikilie kwa kidole sekunde 20 mpaka 30 kitanuke. Kikikaa vizuri sauti yako mwenyewe utaisikia nzito ndani ya kichwa. Kama sehemu kubwa yake imebaki nje, toa uanze upya.

Kipimo wanachotumia wataalamu wa usalama kazini Marekani ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo kwenye desibeli 100 una dakika 15 tu. Mlipuko hauna hesabu ya dakika, ukivuka 140 madhara yanaweza kutokea palepale, na apu za simu hazivikamati vishindo vya ghafla, kwa hiyo usiziamini kwa fataki. Umbali ndo rafiki yako, mahali pa wazi ukiongeza umbali mara mbili unapunguza kama desibeli 6, sogea. Kwenye fataki au bunduki vaa vizibo na juu yake vile vya kufunika sikio lote, vyote viwili, na uvivae kabla hawajaanza.