Perl: ipe sabu rejea, usiimwagie arei nzima

Nilikuwa na skripti ya Perl (lugha ya kuandikia programu) ya kujumlisha kilo za samaki hapa Malindi, rekodi za miaka, ikawa inajikokota tu. Kumbe shida si hesabu, ni vile naiita sabu (kipande cha programu chenye jina, hapa jumla) na kuipa arei, yaani orodha ya vitu, hapa @kilo. Ukiandika jumla(@kilo) Perl inapanga vitu vyote vya ile arei kimoja kimoja ndani ya @_ (arei ambamo sabu inapokea ilichopewa), na ukianza sabu na my @k = @_; ndo unanakili vyote tena, sasa hebu weka hiyo ndani ya lupu uone. Andika jumla(\@kilo), hiyo ndo rejea, inaonyesha tu arei iko wapi, ndani pokea na my ($k) = @_; halafu zunguka na for (@$k). Kinachopita ni kitu kimoja tu hata arei iwe na laini laki moja. Ila chunga, hiyo ni arei yenyewe si kopi, ukifanya shift @$k (kuondoa kitu cha kwanza) huko ndani umeshakula samaki wa mwenyewe. Na kama arei ina vitu vitatu, au sabu yenyewe inasubiri databesi, usijisumbue, hutaona tofauti. Ah, kuna wale watakwambia tumia &jumla; bila mabano ni fasta. Ni kweli haitengenezi @_ mpya, inatumia ileile yako, lakini ndo hapo sabu ikifanya shift inakula argumenti zako na wewe hujui, mimi naiogopa kama bahari ya kusi. Pima na cmpthese ya moduli ya Benchmark, inayolinganisha kasi, tena kwa data yako halisi, namba tano za kujaribia hazikuonyeshi kitu.